Nyuzi Zenye Mzizi na Nyuzi Zisizo na Mzizi: Kuyasoma Mawingu ya Mlimani

Ifuatayo ni mada tuliyoitoa katika semina ya siku moja ya vikundi vya wakulima wa kahawa, Marangu, mkoani Kilimanjaro. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa.

Tunajua kwamba wengi wenu mmeacha kahawa kichanjani, kwa hiyo hatutawachosha.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mawingu. Baadhi yenu mlicheka mlipoiona ratiba, na mlikuwa na haki ya kucheka. Mtu aliyezaliwa chini ya Kibo ataambiwa nini kuhusu mawingu? Lakini hatukuja kuwafundisha kutazama juu. Tumekuja kwanza kurudia mbele ya watu wote jambo ambalo wachache wenu mnalijua, yaani kosa tulilolifanya sisi wenyewe, kwa sababu somo lenyewe limetoka humo.

Wale mliokuwa nasi msimu wa kwanza wa mradi mtakumbuka. Ilikuwa mwezi wa kumi. Tulikuwa na kijitabu kilichoandikwa Ulaya, chenye picha nzuri za rangi, na tulikuwa tumekisoma kwa bidii. Kijitabu kilisema kwamba ukiona mawingu membamba ya juu sana, meupe, yaliyochanwa kama nyuzi za katani au kama mkia wa farasi, basi utegemee mvua katika siku moja au mbili. Tukatoka nje, tukatazama juu, na nyuzi zilikuwepo. Siku ya pili zilikuwepo. Siku ya tatu alasiri jua likazungukwa na duara. Tukapeleka habari kwa viongozi wa vikundi: funikeni kahawa, na wenye mashamba ya tambarare shukeni mkapande, vuli imefika.

Mvua haikuja. Haikuja wiki hiyo wala wiki iliyofuata. Mbegu zilizopandwa vumbini ziliokotwa na ndege, na chache zilizochipua zilikauka. Nyingine zilikuwa zimenunuliwa kwa mkopo wa kikundi, na mkopo ulilipwa vilevile. Kahawa nayo, iliyofunikwa kwa nailoni mchana kutwa kwa ajili ya maneno yetu, ilitoa jasho ndani ya nailoni ikaanza kunuka uvundo. Tulipokuja kuomba radhi, mzee mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa yumo humu ndani na hapendi kutajwa, alituambia: "Wanangu, mlisoma mbingu ya watu wengine."

Tangu siku ile tumejaribu kuisoma mbingu hii.

Kwa nini kijitabu kilitupoteza

Kijitabu hakikusema uongo. Kwa mkulima wa Uingereza au Ujerumani ni kweli mara nyingi. Kule hewa ya joto hukutana na hewa ya baridi, nayo ile ya joto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda juu ya mgongo wa ile ya baridi polepole, kama mtu anayepanda mteremko mrefu sana. Sehemu ya juu ya mteremko huo hutangulia mvua kwa mamia ya kilometa, na huko ndiko nyuzi zinakoonekana. Baada yake huja utando mwembamba unaofanya duara kwenye jua, kisha utando mzito zaidi, kisha mvua. Mbingu ya kule hushuka ngazi kwa ngazi, na anayeijua ngazi ya kwanza anaweza kuzihesabu zinazofuata.

Sisi tuko digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Hapa hewa ya baridi na ya joto hazikutani namna hiyo. Mvua yetu huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule ukanda mpana wa mvua unaolifuata jua likienda kaskazini na kurudi kusini, ambao hutuletea masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mlango wa pili ni mlima wenyewe, na huo tutaueleza.

Basi zile nyuzi ni nini kwetu? Mara nyingi ni mabaki. Wingu kubwa la ngurumo limepanda mahali fulani, labda mbali sana, likanyesha likaisha, na kichwa chake kilichoganda kikabaki juu kikichukuliwa na upepo. Ni kama moshi wa jiko la jirani. Unakuonyesha kwamba kuna mtu anapika, haukuambii kwamba umealikwa.

Majina yenyewe ya mawingu, yale watoto wanayokariri shuleni, yalianzia kwenye mazungumzo kama haya. Mwezi wa Desemba 1802, mjini London, mtengeneza dawa aliyeitwa Luke Howard, muumini wa dhehebu la Quaker, alisimama mbele ya kikundi kidogo cha marafiki wapenda elimu akasema kwamba mawingu, pamoja na kugeuka kwake, yana maumbo machache tu yanayojirudia. Akayapa majina ya Kilatini: sirasi ni yale ya nyuzi, kumulasi ni malundo, stratasi ni matabaka, na nimbasi ni ya mvua. Mwaka 1896 mataifa yalitoa atlasi ya kwanza ya mawingu, na leo aina kuu ni kumi. Tunalisema hili kwa sababu Howard hakuwa mtaalamu wa serikali. Alikuwa mtu wa kazi zake aliyetazama juu kila siku akaandika alichokiona.

Barafu iliyo juu ya barafu

Tumeulizwa na vijana wanaofanya kazi mlimani, wale wanaojiita wagumu, kama mtu akifika kileleni anayakuta yale mawingu ya nyuzi. Jibu ni hapana. Katika nchi za joto kama yetu, mawingu ya juu hukaa kuanzia kiasi cha mita 6,000 hadi 18,000. Kibo ni mita 5,895. Aliyesimama pale Uhuru bado anainua shingo kuyatazama.

Hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6 na nusu hivi kila upandapo mita 1,000. Kwetu maji huanza kuganda kwenye mita 4,800 au 5,000, na ndiyo maana Kibo ina barafu ilhali ikweta iko karibu. Huko zaliko nyuzi ni baridi kupita kiasi chochote tunachokijua. Kwa hiyo nyuzi si maji, ni vumbi la barafu. Ile mikia unayoiona imeinama ni barafu hiyo ikianguka, lakini hewa ya huko ni kavu, nayo huyeyuka na kupotea kabla haijafika popote.

Duara la jua au la mwezi ni barafu hiyohiyo. Chembe zake zina pembe sita, nazo hupinda mwanga kwa kipimo kilekile siku zote, digrii 22. Unyooshe mkono, utanue vidole, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho ni karibu kipimo hicho. Tafadhali msilitazame jua lenyewe. Jificheni nyuma ya nguzo au shina la mgrevilea, ndipo mtazame pembeni. Wazee wengine wamezoea kusema kwamba duara ni dalili ya mvua. Tunasema kwa heshima kwamba duara ni dalili ya utando wa barafu juu, basi. Katikati ya masika, wakati hewa ina unyevu kutoka chini hadi juu, mvua itafuata, lakini ingefuata hata bila duara. Mwezi wa pili au wa tisa, duara laweza kuja na kwenda na usione tone.

Na ile mistari ya ndege ambayo watoto hawachoki kuiuliza? Nayo ni barafu, iliyotokana na mvuke wa injini. Mstari ukipotea upesi, hewa ya juu ni kavu. Ukikaa na kutanuka mpaka ukawa kama wingu, hewa ya juu ina unyevu. Ni kipimo cha bure, ila ni kipimo cha hewa ya huko juu tu.

Mlima unajipikia wenyewe

Sasa mlango wa pili. Kutoka mjini Moshi hadi Kibo kwa mstari ulionyooka hazifiki kilometa 40, lakini unapanda mita 5,000 hivi. Hakuna utabiri wa redio unaoweza kuieleza hewa ya mteremko kama huo kwa sentensi moja.

Saa 12 asubuhi mlima uko wazi, na watalii wanapiga picha. Jua likishika mteremko, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto ikaanza kupanda, na kufikia saa 4 mnausikia ule upepo mdogo ukitoka chini ukitikisa migomba. Hewa hiyo imebeba unyevu. Ikifika msituni hupoa, na unyevu hugeuka wingu. Saa 6 Kibo imeshafunikwa. Saa 8 au 9, ikiwa ni msimu wake, inanyesha. Jioni hewa hupoa na kuanza kuteremka, mawingu huyeyuka, na kwenye saa 12 mlima hujifunua tena kana kwamba haukufanya kitu.

Kwenye mteremko huu wa kusini mvua huwa nyingi zaidi karibu na mita 2,200, yaani ndani ya msitu. Juu ya hapo hupungua, na chini ya hapo hupungua. Ndiyo sababu mtu huondoka Himo na jua kali akafika geti la hifadhi akiwa amelowa, na wala hakuna maajabu. Upande wa kaskazini wa mlima hupata mvua kidogo sana kuliko huu wetu, kwa kuwa unyevu umeshamalizika huku.

Jambo la kutazama basi ni yale malundo meupe ya saa 4 na saa 5. Lundo likiwa pana kuliko urefu wake, na kichwa chake kimelala, kahawa iacheni. Likianza kuwa refu kuliko upana wake, likipanda kama povu la mbege (wachungaji watusamehe), hapo mama aache kufua akae karibu na kichanja. Mkitazama kwa makini mtaona kwamba kingo za lundo linalokua ni kali, kama zimekatwa kwa kisu. Hayo bado ni maji. Ikifika wakati kile kichwa kikapoteza ukali, kikawa kama sufi iliyochanuliwa, kimeganda. Mawingu ya juu yamezaliwa mbele ya macho yenu, na mvua ya wingu lile ama imeshaanza kuanguka au iko karibu.

Hapa ndipo tulipopata kile tulichokikosa msimu ule. Nyuzi ni zilezile, barafu ni ileile, lakini kuna nyuzi zenye mzizi na nyuzi zisizo na mzizi. Nyuzi zinazoelea peke yake, chini yake pakiwa peupe, ni mabaki ya mvua ya wengine. Nyuzi zinazotoka kwenye kichwa cha wingu refu, zikatanuka pande zote kama fuawe ya wahunzi wetu wa Mamba, zina mzizi, na mzizi huo ni radi na mvua. Wakati ule tulitazama nyuzi tu. Hatukuuliza zimesimama juu ya nini.

Kanuni hii ina udhaifu na tusiwafiche. Mlima ukishafunikwa na mawingu ya chini, hamwezi kukiona kichwa cha wingu lililo nyuma yake. Hapo hutegemea macho, mtategemea ngozi na masikio. Upepo ukigeuka ghafla, ukaacha kupanda ukaanza kushuka kutoka juu nao ni wa baridi, mvua imeshaanguka huko juu na hewa yake ndiyo hiyo imewafikia. Mna dakika chache tu za kubeba chekeche.

Na ngurumo. Hesabuni sekunde kati ya mwanga na sauti. Kila sekunde tatu ni kilometa moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilometa 10 na inaweza kuwafikia hata kama kichwani penu pana jua. Ingieni ndani ya nyumba, au ndani ya gari, mkae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Vihamba vyetu vimejaa miti, na mazoea yetu ni kukimbilia chini ya mparachichi. Hilo tunaliomba liachwe, hasa kwa watoto watokao shule. Kahawa iliyolowa huuzwa kwa bei ya chini, hasara ambayo mtu huweza kuivumilia. Tusimtume mtoto kuifunika wakati radi inapiga.

Kofia, na blanketi la kipupwe

Kibo ikivaa kofia, lile wingu laini lililosimama juu ya kilele kama sahani iliyofunikwa, watu wengi hudhani limetulia. Halijatulia. Upepo mkali unaisukuma hewa yenye unyevu ipande juu ya kilele. Ikipanda inafanya wingu, ikishuka upande wa pili wingu linayeyuka, kwa hiyo umbo linabaki palepale huku hewa ikipita ndani yake kwa kasi. Kwa mkulima wa Marangu kofia haina neno kubwa. Kwa kijana aliyebeba mzigo kuelekea Kibo ni onyo la upepo na baridi kali, na avae nguo zake zote.

Juni hadi Agosti ni habari nyingine kabisa. Kipupwe hutandika blanketi la stratasi juu ya mteremko wetu, jua hatulioni siku nyingi mfululizo, na manyunyu hayaishi. Wagumu walioko Horombo, mita 3,720, huwapigia simu mama zao kwamba huko jua linawaka na mawingu wanayaona chini kama bahari. Mama anajibu kwamba kahawa yake haijui hayo. Kwa miezi hiyo elimu ya mawingu ya juu haina msaada, kwa kuwa hayaonekani. Dawa ni kuanika kahawa kwa tabaka jembamba, kuigeuza mara nyingi, kuifunika usiku, na kutokuwa na haraka ya kuiweka guniani kabla unyevu haujashuka kwenye asilimia 10 hadi 12. Siku nyingine blanketi hupasuka saa 7 au 8 mchana. Siku nyingine haliondoki. Hatuna njia ya kulijua hilo asubuhi, na anayewaambia anayo, mwulizeni aliisoma mbingu ya nani.

Daftari

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zipo redioni na kwenye simu, nazo tunazifuata. Lakini utabiri wa nyanda za juu kaskazini mashariki husemwa kwa mikoa mitatu pamoja: Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Unatuambia kama mlango wa kwanza umefunguliwa. Hautuambii kama itanyesha Himo au Marangu. Likitolewa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, hapo hatubishani. Walio kando ya mito na kwenye kingo zilizokatwa wahame mapema. Kwa kupanda, utaratibu wetu wa sasa ni kwamba hatupandi kwa kuona wingu lolote. Tunasubiri utabiri wa msimu, kisha tunachimba, na unyevu ukiwa umeshuka kiasi cha shubiri, tunapanda.

Yale mengine ni ya daftari. Kila kikundi leo kitapewa moja, lenye safu ya saa 1 asubuhi, saa 5 na saa 10. Andikeni mlichokiona kwa maneno yenu: nyuzi zipo au hazipo, zina mzizi au hazina, lundo ni pana au refu, upepo unapanda au unashuka. Pia tunawapa kipimo cha mvua. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Mtumishi wa Eliya alitumwa kutazama upande wa bahari mara saba, na mara sita hakuona kitu. Nanyi msichoke kuandika "hakuna". Siku za "hakuna" ndizo zitakazotuonyesha ni mara ngapi nyuzi zilikuja na mvua isije.

Daftari likisimamiwa na mtu mmoja, akiugua linakufa. Tunashauri wawe wawili, mmoja mzee na mmoja kijana. Mzee anajua ilivyokuwa na kijana anaandika upesi. Wakigombana juu ya wingu ni refu au ni pana, waandike yote mawili.

Tulikuwa tumepanga kuendelea na maswali hadi saa 7. Lakini sasa ni saa 6 na dakika chache, na walio karibu na dirisha wamekuwa wakitazama nje kwa muda kuliko wanavyotutazama sisi. Nasi tumeliona. Lile lundo la upande wa Mawenzi limekuwa refu tangu tuanze kuzungumza, na kichwa chake kinaanza kuchanuka. Wenye kahawa nje na nyumba zao ziko karibu, nendeni mkafunike sasa, wakati ngurumo bado haijasikika. Wanaotoka mbali wabaki hapa ndani. Chai iko tayari, na maswali tutayaanza wenzetu wakirudi.